Mbio Peke Yake Hazitoshi, Vyuma Peke Yake Havitoshi

SOMO LA AFYA KWA VIKUNDI
Soma kwanza: 1 Wakorintho 9:24-27



Siku hizi asubuhi na mapema barabara zetu zina watu wa kukimbia. Wengine wameambiwa na daktari kwamba presha imepanda. Wengine wana sukari. Wengine ni vijana wanaotaka kujiunga na jeshi. Na huko nyuma ya nyumba utakuta vijana wengine wananyanyua vyuma walivyojitengenezea kwa bomba, mikebe na simiti. Hawa wa pande mbili huchekana. Mkimbiaji husema vyuma humfanya mtu awe mzito. Mwenye vyuma husema mbio humkausha mtu. Katika somo hili tunataka kuonyesha ya kwamba kila mmoja ana nusu ya ukweli, na anahitaji nusu ya mwenzake.

Kwa nini tuzungumze haya kanisani?

Mwaka 2015 serikali yetu ilifanya uchunguzi wa afya nchini. Ilionekana kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Presha haipigi hodi. Mtu analima, anauza sokoni, anaimba kwaya, kisha siku moja anaanguka na upande mmoja wa mwili unapooza. Hapo nyumba nzima imeanguka naye: karo, shamba, na mtu wa kumuuguza. Harambee tunazofanya za kulipa bili za hospitali tunazijua sote.

Kazi mbili tofauti

Moyo ni kama pampu ya kisima. Tukikimbia, tukitembea haraka, tukiendesha baiskeli au tukiruka kamba, pampu hii hufanya kazi kwa muda bila kusimama. Baada ya wiki na miezi, kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, na tukiwa tumepumzika moyo hauhitaji kupiga mara nyingi kama zamani. Presha nayo hushuka kiasi. Haya ndiyo mazoezi ya moyo na pumzi. Mbio ni aina moja tu. Mwenye magoti mabaya anaweza kupata faida hiyo kwa baiskeli au kwa kutembea haraka.

Misuli nayo ni kama ghala. Tukisha kula, sukari huingia katika damu, na misuli hupokea sehemu kubwa ya sukari hiyo. Misuli iliyolegea hupokea kidogo. Tena, kuanzia miaka ya 30 na kitu hivi, mwili huanza kupoteza misuli polepole, na uzeeni hupoteza haraka zaidi. Ndiyo maana nyanya anashindwa kuinuka kitini, halafu anaanguka na kuvunjika nyonga. Kutembea peke yake hakuzuii jambo hili vya kutosha. Misuli inataka mzigo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kama mbio dakika 75 hadi 150, na tena mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Tuangalie neno hilo: ni "na tena", si "au".

"Lakini mimi nalima kutwa!"

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Kulima na kuteka maji ni kazi ya mwili na inahesabiwa. Hata hivyo tujiulize: msimu wa kulima ukiisha, ni nini hunifanya nihemee? Jembe linaufanyisha kazi mgongo, je, mapaja na kifua? Na wengi wetu hatulimi tena. Mwenye boda boda, mama wa kibanda na mwalimu wanakaa kutwa.

Hata mabingwa wetu hawategemei mbio tu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na kidogo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, amekuwa akifanya mazoezi ya kuimarisha misuli na usawa wa mwili kambini Kaptagat, kwa mkeka na mikanda ya mpira. Misuli imara humsaidia mkimbiaji kutumia nguvu kidogo kwa mwendo ule ule. Haimfanyi awe mzito.

Ratiba ya wiki kwa anayeanza

Jumatatu: misuli, dakika 20.
Jumanne: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10.
Jumatano: baiskeli, au kutembea haraka mlimani, dakika 30.
Alhamisi: misuli, dakika 20.
Ijumaa: kama Jumanne.
Jumamosi: kutembea haraka pamoja na jamaa au kikundi, dakika 60.
Jumapili: pumziko. Misuli hujijenga tunapopumzika.

Ukijumlisha, dakika za moyo ni 150. Kipimo cha mwendo ni rahisi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ni sawa. Kila wiki punguza kutembea kidogo na uongeze kukimbia kidogo.

Mazoezi ya misuli hayahitaji pesa:
1. Keti kitini na kusimama bila kushika kitu, mara 10.
2. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10. Ukizoea, shuka kwenye benchi, halafu chini.
3. Chukua jerikani 2 za lita 5 zilizojaa maji, kila moja ni kilo 5. Inama kwenye nyonga mgongo ukiwa umenyooka, uzivute hadi kiunoni, mara 10.
4. Tembea nazo hatua 40, mabega yakiwa nyuma.
5. Lala kifudifudi, ujiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, sekunde 20.

Pumzika, kisha rudia yote mara moja. Zoezi likiwa rahisi mno, ongeza mzigo. Wazee wa miaka 65 na zaidi waongeze la kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, siku 3 kwa wiki.

Tahadhari

Pima presha kabla ya kuanza. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari, kwa hivyo uliza wa kijijini kwako. Usizuie pumzi unapoinua mzigo, kwa maana presha hupanda ghafula; toa pumzi unapoinua. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama na uende hospitali. Dawa za presha usiziache kwa sababu umeanza kukimbia. Hilo ni la daktari kuamua. Anayetumia dawa za sukari abebe kitu kitamu mfukoni. Akina mama na wasichana wasikimbie peke yao gizani.

Tukirudi kwa somo letu, Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, na karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila miaka 2. Katika mistari michache anataja mkimbiaji na mpiganaji wa ngumi pamoja. Wasomaji wake waliwajua wote wawili, na walijua kwamba hakuna hata mmoja aliyefika uwanjani bila kujizuia na kujizoeza siku kwa siku.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika kikundi chetu ni wangapi wamepimwa presha mwaka huu? Waliobaki watapimwa lini na wapi?
2. Kazi yako ya kila siku inafanyisha kazi nini zaidi, moyo au misuli? Kinachokosekana ni kipi?
3. Ni nani kijijini ambaye hawezi kuinuka kitini bila kushikwa? Nani atamtembelea wiki hii na kufanya naye zoezi la kwanza?

Mungu awape nguvu. Anzeni pole pole, lakini anzeni.