Msafiri Pekee na Lugha ya Wenyeji: Synge na Wageni wa Blasket nchini Ayalandi

Utangulizi

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humchukulia mgeni kuwa baraka, lakini haielezi mgeni aje vipi wala mwenyeji apone kwa lipi. Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kuchunguza visa vya wasafiri walioingia, kila mmoja peke yake, katika visiwa vya magharibi mwa Ayalandi ili kujifunza utamaduni wa wenyeji. Hoja inayojengwa ni kwamba upweke wa msafiri ulikuwa na thamani kwa sababu ulimlazimisha kuitegemea lugha ya wenyeji. Aidha, safari ya aina hiyo haipimwi tu kwa alichokichukua mgeni, bali pia kwa alichowaachia wenyeji wake.

Usuli

Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, na Kiingereza kikawa lugha ya shule, mahakama na biashara. Njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua takribani watu milioni moja, na wengine wapatao milioni moja wakahama. Pigo hilo liliwaangukia zaidi maskini wa magharibi, ambao ndio waliokuwa wazungumzaji wakuu wa Kiayalandi. Mwaka wa 1893 chama cha Conradh na Gaeilge kiliasisiwa kwa nia ya kuihuisha lugha hiyo. Tangu hapo, wasomi wengi wa mijini walianza kuutazama mwambao wa magharibi na visiwa vyake kama ghala la lugha na fasihi simulizi.

Synge katika visiwa vya Aran

John Millington Synge alizaliwa karibu na Dublin mwaka wa 1871. Alisoma Kiayalandi katika Trinity College, kisha akaenda kuishi Paris. Huko ndiko alikokutana na mshairi W. B. Yeats mwaka wa 1896, ambaye alimshauri aende katika visiwa vya Aran. Synge alifika huko kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1898, na alirudi mara nne zaidi hadi mwaka wa 1902.

Alianzia katika kisiwa kikubwa zaidi, lakini baada ya muda mfupi alihamia Inis Meáin, kisiwa cha kati, kwa kuwa huko Kiayalandi kilitumika zaidi. Kwa msafiri mwenye kutafuta starehe, uamuzi huo ungekuwa wa ajabu. Kwa mwanafunzi wa lugha, ulikuwa wa lazima. Alipanga katika nyumba ya familia moja, akaketi nao kando ya moto na kuwasikiliza watambaji. Laiti angeandamana na mwenzake kutoka Dublin, wangezungumza Kiingereza jioni nzima na kuwatazama wenyeji kwa mbali.

Mavuno ya safari hizo yanafahamika. Visiwani alisikia habari za maiti iliyoopolewa baharini na kutambuliwa kwa mavazi yake, na tukio la aina hiyo likawa kiini cha tamthilia ya Riders to the Sea iliyoigizwa mwaka wa 1904. Vilevile, alisimuliwa kisa cha mtu aliyemuua babake na kufichwa na wanakisiwa. Kisa hicho kilichangia The Playboy of the Western World, tamthilia iliyozusha fujo katika Abbey Theatre mjini Dublin mwaka wa 1907. Mwaka huohuo alichapisha The Aran Islands, kitabu cha maelezo ya safari zake.

Hata hivyo, Synge aliandika kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba Kiingereza chake kilibeba miundo ya sentensi za Kiayalandi, na hilo ndilo lililokipa ladha ya pekee. Lakini katika kazi hizo wanakisiwa wanatazamwa na kusimuliwa. Kalamu haikuwa mikononi mwao.

Wageni wa Blasket

Kisiwa kikubwa cha Blasket kimo katika pwani ya Kerry. Mnamo 1907 alifika huko msomi kutoka Norwe, Carl Marstrander, aliyetaka kujifunza Kiayalandi cha wenyeji. Mwalimu wake alikuwa Tomás Ó Criomhthain, mvuvi aliyekuwa amejifunza kusoma Kiayalandi akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1910 alifuata Mwingereza Robin Flower, ambaye wanakisiwa walimwita Bláithín, yaani ua dogo, kwa kulichezea jina lake. Yeye pia alifundishwa na Tomás. Nafasi za kawaida zilikuwa zimegeuka: mvuvi alikuwa mwalimu na msomi akawa mwanafunzi.

Hatua iliyofuata ndiyo muhimu zaidi. Brian Ó Ceallaigh, mgeni kutoka Killarney aliyefika mwaka wa 1917, alimhimiza Tomás aandike maisha yake mwenyewe. Alimsomea kazi za Maxim Gorky na Pierre Loti ili atambue kwamba maisha ya watu wa kawaida na wavuvi yanafaa kuwa fasihi. Matokeo yalikuwa An tOileánach, tawasifu iliyochapishwa mwaka wa 1929. George Thomson, Mwingereza aliyefika mwaka wa 1923, alimtia shime rafiki yake Muiris Ó Súilleabháin, na Fiche Blian ag Fás ikatoka mwaka wa 1933. Thomson baadaye alifundisha Kigiriki kwa Kiayalandi katika chuo kikuu cha mjini Galway. Mwaka wa 1936 ilichapishwa Peig, tawasifu ya mtambaji Peig Sayers, aliyoisimulia naye mwanawe akainukuu.

Mipaka ya uponyaji

Ikumbukwe kwamba vitabu havikukiokoa kisiwa. Vijana waliendelea kuhamia Marekani. Bahari ilipochafuka, daktari wala kasisi hakuweza kuvuka. Mwaka wa 1953 serikali iliwahamishia bara wakazi wachache waliosalia. Mwenyeji hakupona umaskini wala upweke. Alichopona ni kusahauliwa, na kusimuliwa na wengine pekee.

Lugha yenyewe bado iko mashakani. Katiba ya mwaka wa 1937 iliifanya kuwa lugha rasmi ya kwanza, na tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Lakini katika sensa ya mwaka wa 2022, ingawa watu wapatao milioni 1.87 walisema wanakijua Kiayalandi, ni takribani 72,000 tu waliokizungumza kila siku nje ya masomo. Kwa sababu hiyo, msafiri wa leo anayeingia katika maeneo ya wazungumzaji hao ana uzito wake. Akianza na Kiingereza, wenyeji watamjibu kwa Kiingereza. Akisema Dia dhuit, yaani Mungu awe nawe, atajibiwa Dia is Muire dhuit, Mungu na Maria wawe nawe. Taasisi kama Oideas Gael, iliyoanzishwa mwaka wa 1984 huko Gleann Cholm Cille, huwafundisha watu wazima wanaotaka kwenda zaidi ya salamu.

Hitimisho

Waswahili pia husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Synge alilishika jembe la lugha, akalima na kuvuna, ila mavuno aliyapeleka Dublin. Ó Ceallaigh na Thomson waliwahimiza wenyeji walime shamba lao wenyewe. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani na kinasasauti chake hana budi kujiuliza anafuata mkondo upi. Kurekodi ngano na kuihifadhi katika tasnifu ni kazi ya maana. Hata hivyo, kama mtambaji hatasoma kilichoandikwa, wala hatapata nafasi ya kujiandika kwa lugha yake, basi mgeni amekuja na kuondoka, naye mwenyeji bado hajapona.