Watu Waliojitengenezea Darubini

Watu wengi hudhani kwamba elimu ya nyota ni kazi ya mabingwa wa vyuo vikuu peke yao, na kwamba darubini ya maana ni mali ya Serikali au ya tajiri. Dhana hiyo si ya kweli. Katika nchi nyingi kuna vyama vya watu wa kawaida, mafundi, walimu, makarani na wakulima, ambao wakiisha kazi ya mchana hukutana usiku kutazama nyota kwa ajili ya kupenda kujua tu. Somo hili lahusu chama kimoja cha namna hiyo, kilicho katika mji mdogo wa Springfield, jimbo la Vermont, Marekani, na jinsi mtu alivyoweza kukiingia.

Springfield ulikuwa mji wa viwanda. Kiwanda kimoja kikubwa, Jones & Lamson, kilitengeneza mashine za kukerezea chuma. Mkuu wake, James Hartness, aliyekuwa Gavana wa Vermont tangu mwaka wa 1921 hata 1923, alipenda sana mambo ya nyota, na mwaka wa 1919 alimwita Russell W. Porter arudi kufanya kazi naye. Porter alizaliwa Springfield mwaka wa 1871. Alijifunza kuchora ramani za majengo, kisha akasafiri mara nyingi katika nchi za barafu za kaskazini, ambako msafiri huijua njia yake kwa jua na nyota. Mwaka wa 1920 alianzisha darasa la kuwafundisha watu kujitengenezea darubini. Waliokuja walikuwa wanaume 15 na mwanamke mmoja, wengi wao wafanya kazi wa kiwanda kile kile. Darubini nzuri ya dukani ilikuwa ghali kupita uwezo wao. Ama mikono, walikuwa nayo.

Moyo wa darubini ya namna hii si bomba lake, bali ni kioo kilicho chini ya bomba, ambacho huikusanya nuru ya nyota na kuirudisha juu mahali pamoja. Fundi huchukua vipande viwili vya kioo kinene, vya mviringo, tuseme vyenye upana wa inchi 6. Kimoja hukifunga juu ya pipa lililojazwa kitu kizito. Humwagia unga mkali wa kusagia pamoja na maji, hukiweka kile cha pili juu yake, kisha hukisukuma mbele na nyuma kwa mikono miwili. Kila mara hukigeuza kidogo, naye mwenyewe hulizunguka pipa hatua kwa hatua. Bila mashine yo yote, kioo cha juu huanza kuingia ndani na kile cha chini hutokeza. Uingiaji huo ni mdogo mno: katika kioo cha inchi 6 chenye kukusanya nuru umbali wa inchi 48, katikati huwa chini kuliko ukingo kwa kadiri isiyofika sehemu ya ishirini ya inchi.

Baada ya hapo unga hubadilishwa, laini baada ya laini zaidi. Kabla ya kila badiliko fundi hana budi kuosha mikono, meza, ndoo na hata nguo, maana chembe moja ya unga wa kwanza ikibaki itakwaruza kioo, na kazi ya siku nyingi itarudiwa. Mwisho kioo husuguliwa kwa lami na unga mwekundu wa kutu ya chuma mpaka king'ae.

Hapo ndipo wakereza chuma wa Springfield walipokutana na jambo jipya. Katika kazi yao walizoea kupima sehemu ya elfu ya inchi, na watu walistaajabia usahihi huo. Lakini kioo kizuri cha darubini hakivumilii kosa linalozidi sehemu tatu hivi za inchi iliyogawanywa mara milioni. Hakuna rula ya kupima hayo. Njia yake ilibuniwa na Mfaransa, Léon Foucault, mwaka wa 1858, nayo ni rahisi ajabu: taa yenye tundu dogo huwekwa mbele ya kioo, na ukingo wa wembe hupitishwa polepole katika nuru inayorudi. Kivuli kinachoenea juu ya kioo huonyesha kila kilima na kila bonde. Mtu akiweka kidole gumba juu ya kioo kwa muda mfupi, joto la kidole huinua kilima, nacho huonekana wazi mpaka kioo kipoe.

Tarehe 7 Desemba 1923 watu hao waliunda chama chao, Porter akiwa rais. Kiingilio cha maana kilikuwa kazi: anayetaka kuwa mwanachama alitakiwa awe amesaga kioo chake mwenyewe, na kioo hicho kipimwe. Yafaa kanuni hiyo isifiwe, kwa sababu haikumwuliza mtu ana cheo gani. Wanachama walijenga nyumba ya chama juu ya kilima nje ya mji, wakaipaka rangi ya waridi ambayo ingali juu yake, wakaiita Stellafane, yaani hekalu la nyota. Mwaka wa 1925 Albert G. Ingalls, mhariri wa gazeti la Scientific American, aliwatembelea, na makala yake yakawafanya maelfu ya wasomaji waanze kusaga vioo nyumbani. Porter mwenyewe aliitwa California mwaka wa 1928 kusaidia kubuni ile darubini kubwa ya Palomar, yenye kioo cha inchi 200, iliyozinduliwa mwaka wa 1948.

Tangu mwaka wa 1926 watu hukusanyika Stellafane karibu kila wakati wa joto, wanachama na wageni. Siku huchaguliwa karibu na mwezi mwandamo, ili mbalamwezi isifiche nyota hafifu. Mgeni yampasa kujua adabu ya mahali hapo. Jicho lahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwali mmoja wa taa nyeupe huharibu kungoja kote; kwa hiyo taa hufunikwa kitu chekundu. Mtu hangoi zamu yake kwa kushika bomba, maana likitikisika nyota hupotea. Na nyota ikitoka machoni polepole, asidhani ameharibu chombo: ni dunia inayozunguka.

Pete za Zohali humfurahisha kila mtu. Kundi la nyota la Andromeda, kinyume chake, huwavunja moyo wengi waliozoea picha za rangi, kwa kuwa ni wingu jeupe hafifu tu. Lakini nuru hiyo hafifu ilianza safari kama miaka 2,500,000 iliyopita, na kioo kilichoipokea huenda kilisagwa juu ya pipa na mtu aliye kando ya mtazamaji.

Msomaji wa Kenya anayetaka kufanya kazi kama hiyo azingatie tofauti moja. Kilimia huonekana kote kuwili, lakini Nyota ya Kaskazini, ambayo huko Springfield husimama karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, Nairobi iko chini ya upeo. Darubini inayofuata nyota huzungushwa juu ya mhimili unaoelekea upande wa nyota hiyo. Kule Vermont mhimili huinuliwa nyuzi 43. Fundi wa Nairobi ataulaza karibu sawa na ardhi, kaskazini kwa kusini.