Plagi Moja Iliyokula Karo Yangu

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu langu mimi haliko mwilini. Liko kwenye injini ya pikapu ya baba, silinda ya tatu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu ili wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili mjifunze bure jambo ambalo mimi nilijifunza kwa hasara.

Pikapu yetu ni kuukuu, ya petroli, silinda nne, ya kabureta. Kila siku ya soko baba huiwasha saa kumi alfajiri na kupeleka mboga na ndizi Kakamega mjini. Hiyo ndiyo unga wetu na ndiyo karo yangu. Likizo ya Aprili ilipofika ikaanza kukohoa mlimani na kutikisika hata ikiwa imesimama. Mafundi husema injini inamisi, yaani silinda moja haiwaki ipasavyo, na anayeshukiwa kwanza ni plagi.

Plagi ni kile kidude chenye shingo nyeupe ya kauri na mguu wa chuma wenye meno kama ya parafujo, kinachofungwa kwenye hedi ya injini. Koili hupokea umeme wa betri, volti 12 tu, na kuupandisha ukapita volti 10,000. Umeme huo ukifika kwenye ncha ya plagi hukuta pengo dogo, huliruka, na cheche hiyo ndiyo huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini kama yetu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 25 kwa sekunde. Mjerumani Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Robert Bosch, ndiye aliyeiunda plagi ya umeme mkali wa namna hii mwaka wa 1902, ifanye kazi pamoja na magneto.

Basi Jumamosi moja baba alirudi kutoka sokoni saa tano, akaacha ufunguo mezani, akaenda matangani kwa jirani. Mimi nilikuwa nimemwona fundi akitoa plagi mara mbili tatu, nikajiona nimehitimu. Nikafungua boneti injini ikiwa ingali moto. Nikang'oa waya zote nne kwa pamoja. Nikatoa plagi, nikazipiga msasa zikang'aa, nikaanza kuzirudisha kwa spana. Ya tatu ilikuwa ngumu. Nikadhani ni uchafu, nikaulalia mpini wa spana kwa uzito wangu wote. Ikalia krrr, kisha ghafla ikawa laini. Ajabu ni kwamba nilifurahi!

Nilipopiga stata, plagi ile iliruka paa! ikagonga boneti. Baba aliporudi alitazama tu, kisha akauliza polepole, "Nani amefungua hii gari?"

"Ni mimi, baba."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Hedi ilikuwa ya aluminiamu, chuma laini, nami nilikuwa nimeingiza plagi ya chuma kigumu upandeupande, ikayala meno yote ya tundu. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kwa mkereza vyuma, akatoboa tundu pana zaidi na kutia ala mpya yenye meno. Siku nne bila gari na shilingi 6,500, ambazo zilikuwa karo ya muhula wa pili. Mama akauza kuku saba, jogoo akiwamo. Baba akanituma kwenye banda la fundi nimsaidie hadi likizo iishe. Ninayoandika hapa chini ni ya fundi huyo, si yangu.

Kwanza, injini ipoe kabisa, hadi uweze kuiwekea kiganja. Meno ya aluminiamu yakiwa moto huharibika upesi. Halafu andika nambari 1 hadi 4 kwenye waya kwa vipande vya plasta, kwa kuwa kila waya ina silinda yake. Magari mengi ya silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, ila si yote, na ukichanganya waya gari litapiga mizinga kama vita. Fanya plagi moja, uimalize, ndipo uende kwa nyingine. Waya ishike kwenye kofia yake. Ukivuta uzi wenyewe utakatika kwa ndani na hutauona. Kabla ya kutia spana, puliza vumbi lililozunguka plagi. Sisi tulitumia pampu ya baiskeli. Punje ya mchanga ikitumbukia ndani ya silinda itaikwaruza.

Plagi ikishatoka, usikimbilie kuisugua kama mimi. Isome kwanza! Hapa ndipo nilipopenda kazi hii. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini ina afya. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi hewa. Weusi wenye majimaji ya mafuta ni oili inayopenya, na hapo kubadilisha plagi hakuponyi ugonjwa. Ncha nyeupe yenye malengelenge imechomwa na joto kupita kiasi. Zetu zote nne zilikuwa na masizi makavu. Fundi akanieleza kwamba Kakamega iko juu, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani ikija huku humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa hiyo tatizo letu lilikuwa kabureta tangu mwanzo! Alikaza skrubu yake kidogo tu na kikohozi kikaisha.

Pengo la ncha hupimwa kwa vile vibati vyembamba kama wembe viitwavyo fila. La kwetu ni milimita 0.8, lako litazame katika kitabu cha gari. Plagi iliyoanguka sakafuni itupe, kwani kauri huweza kupasuka usione.

Sasa kurudisha. Fundi alikata kipande cha mpira wa petroli uliochakaa, urefu wa shubiri moja, akauvika kwenye shingo ya plagi. "Kijana, spana haina macho," akasema. Unaishusha plagi kwa mpira huo na kuuzungusha kwa vidole. Meno yakikutana vibaya, mpira huteleza wenyewe, wala huwezi kulazimisha. Zungusha kwanza kinyume mpaka uisikie imedondoka kidogo mahali pake, ndipo ugeuze. Iingie mpaka mwisho kwa vidole tu. Spana huja baadaye: plagi mpya yenye washa, nusu mzunguko au zaidi kidogo, ya zamani, kugusa tu. Kisha sukuma kofia ya waya mpaka isikike tik.

Likizo ya Agosti baba alinipa spana bila kuombwa. "Anza na ya tatu," akasema. Nikavika mpira, nikahesabu mizunguko kwa vidole: saba, nane, tisa, kumi. Alikuwa amesimama nyuma yangu wala hakunena kitu. Kesho yake saa kumi alfajiri niliisikia pikapu kutoka kitandani, ikipanda mlima kuelekea sokoni, nami nikaisikiliza mpaka ikapotea.