Kuchagua Trekta: Bei Si Jambo la Pekee

Katika nyanda za Uasin Gishu, kandokando ya mji wa Eldoret, mahindi hupandwa mvua kubwa zianzapo, mwezi wa Machi au Aprili. Mvua haimngoji mtu. Kwa hiyo mkulima anunuaye trekta hana budi kupima mambo mengine zaidi ya bei.

Kwanza, atazame ukubwa wa shamba na siku alizo nazo. Kwa mfano, shamba ni ekari 120. Trekta ya bei ndogo ikilima ekari 6 kwa siku, itamaliza kwa siku 20. Ya bei kubwa ikilima ekari 10, itamaliza kwa siku 12. Siku hizo 8 ni nyingi, kwani mahindi yaliyochelewa kupandwa huzaa kidogo. Lakini mwenye ekari 10 hafaidiwi na trekta kubwa; heri akodi.

Pili, trekta na plau zipatane. Trekta dhaifu huteleza magurudumu na kuteketeza mafuta bure. Trekta nzito mno hushindilia udongo uliolowa, hata mizizi ikashindwa kupenya.

Tatu, kabla ya kulipa aulize: Je, vipuri vyake vyapatikana Eldoret? Yuko fundi aijuaye? Trekta iliyosimama wakati wa kulima kwa kukosa kipuri kimoja si rahisi tena, hata ikiwa ilinunuliwa kwa fedha kidogo.

Wahenga walisema: Rahisi huvunja upishi.