Mume wangu anataka kulala chini ya trela

*Kaka, huku Minnesota theluji ndiyo kwanza imetuacha. Kabla ya baridi kuanza mume wangu alinunua trela la kulala, la mtumba, lenye ekseli mbili. Tumelivuta mara chache tu, na kila tukipita kwenye shimo kulisikika kishindo chini ya sakafu, vikombe vinaruka kabatini. Tairi moja ya nyuma imelika upande wa ndani. Karakana ilituambia bushi za springi zimekwisha na matundu ya vile vyuma vinavyoshika springi yameacha kuwa duara. Walitaka dola 1,400. Mume wangu alicheka. Alikuwa utingo wa malori ya Mombasa hadi Malaba kabla hatujaja huku, na anasema springi amebadilisha kando ya barabara usiku, tochi mdomoni. Ameshaagiza vifaa, anataka kuifanya kazi hiyo uani mwetu. Mimi ni muuguzi. Nimempokea mtu aliyeangukiwa na gari, na sitaki kueleza zaidi. Kwa hiyo nimefanya jambo: nimeipigia simu karakana kwa siri, nimeweka miadi na kulipa amana kwa kadi yangu. Hajui. Watoto wanahesabu siku za kwenda Badlands mwezi wa saba. Nimzuieje bila kumvunjia heshima?*

*Mama Neema, Minnesota*

Mama Neema, shemeji anaweza kuifanya kazi hii. Nalisema mapema kwa sababu najua si jibu ulilolitarajia, na kwa sababu ushauri wowote nitakaokupa utaanguka ukimwendea kama mtu asiyejua anachokishika. Anajua. Springi za majani chini ya trela lenu na zile za lori la Malaba ni ukoo mmoja. Kuna mahali, hata hivyo, ambapo ujuzi wa lori unaweza kumponza, na hapo ndipo hofu yako ina haki ya kusikilizwa.

Nikueleze kwanza kilichoharibika, ili mkizungumza mzungumze kitu kimoja. Kila upande wa trela lenu una springi mbili, ya mbele na ya nyuma. Katikati yake kuna chuma kinachocheza huku na huku: gurudumu la mbele likipanda tuta, chuma hicho huligawia la nyuma sehemu ya mzigo. Springi hushikwa kwenye chuma hicho kwa vibao vidogo vya bapa, viwili viwili, na kila kiungo kina bolti yake. Kwa mpangilio huo wa kawaida hupatikana bolti saba kila upande, 14 kwa jumla. Ndani ya jicho la springi, kati ya chuma na bolti, kiwanda huweka bushi. Kwenye matrela mengi ya kulala ya Marekani bushi hiyo ni ya plastiki na haina njia ya kupitishia grisi. Ni ya bei ya chini, na trela linapouzwa jipya hakuna mnunuzi anayeinama kuitazama.

Plastiki ikiisha, bolti huanza kula chuma kitupu. Tundu la kibao hurefuka likawa na umbo la yai, ekseli hupata nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, na tairi huanza kuvutwa upande. Kile kishindo mlichokisikia ndicho hicho: chuma kikigonga chuma. Mkiendelea hivyo kibao hukatika, springi hupanda juu, na tairi hukutana na sakafu ya trela mkiwa katikati ya barabara kuu. Kwa hiyo katika kuogopa hamtofautiani sana. Wewe unaogopa uani, yeye anaogopa barabara kuu ya I-90 ya kwenda Badlands, na wote wawili mko sawa.

Vifaa alivyoagiza, nadhani ni zile bolti zenye tundu la grisi pamoja na bushi za shaba nyeusi na vibao vinene. Seti ya trela la ekseli mbili hupatikana kwa kiasi cha dola 100 hadi 300 hivi, kutegemea kama chuma cha katikati kimo. Zilizobaki katika zile 1,400 ni jasho la fundi na kodi ya karakana. Siwalaumu, ni kazi chafu. Lakini shemeji naye hakosei anapoona kwamba jasho analo.

Sasa nije kwenye lori. Mtu wa malori akitaka kuinua gurudumu huweka jeki chini ya ekseli. Mkono wake umezoea, hauulizi. Ekseli ya lori ni pande la chuma linalobeba tani nyingi. Ekseli ya trela lenu ni bomba lililo wazi ndani, na limepindwa kidogo kwa makusudi kiwandani, katikati juu, ili mzigo ukikaa magurudumu yasimame wima. Ukilisukuma kwa jeki kutoka chini unaweza kuliharibia mpindo huo, na ekseli ikipinda tairi zitalika tu, bushi ziwe mpya namna gani. Watengenezaji wa ekseli hizi wanakataza jambo hilo waziwazi katika vitabu vyao vya maelekezo. Trela huinuliwa kwa fremu, karibu na pale springi zinaponing'inia. Jeki ndogo inaruhusiwa kugusa chini ya kiti cha springi ili kuzuia ekseli isidondoke wakati bolti zimetoka, basi. Hiyo inabeba ekseli, haiinui nyumba.

Mwambie hilo na utaona uso wake ukibadilika, kwa sababu si woga wa mke anaousikia, ni habari ya ufundi.

Kuhusu kulala chini: hana haja. Tairi mbili za upande mmoja zikishatoka, viungo vyote saba vinaonekana kutoka nje. Anakaa kwenye kigoda, anapitisha mkono na spana. Kifua na kichwa vinabaki nje ya ukingo wa trela. Hili liwe sharti, na ni sharti ambalo fundi yeyote mwenye akili atalikubali kwa sababu kukaa ni rahisi kuliko kulala.

Masharti mengine yako hivi. Trela libaki limefungwa kwenye gari linalolivuta, breki ya mkono ya gari hilo imevutwa, na magurudumu ya upande wa pili yametiwa kabari mbele na nyuma. Afanye upande mmoja hadi uishe ndipo ahamie mwingine. Jeki iinue, lakini uzito ukae juu ya stendi za chuma chini ya fremu, na stendi zikae juu ya zege. Kama uani kwenu ni nyasi au udongo uliolainika kwa theluji iliyoyeyuka, mbao nene chini ya kila stendi, au msogee kwa jirani mwenye zege. Matofali ya saruji hapana kabisa. Hupasuka bila kutoa taarifa. Ile miguu ya pembeni ya trela nayo si jeki. Imewekwa ili nyumba isitikisike mnapotembea ndani, haikuundwa kuinua kitu. Maji yatolewe kwenye tangi, maana galoni moja ya maji ina uzito wa zaidi ya pauni 8. Na watoto wasiingie ndani ya trela siku hiyo hata kuchukua mdoli.

Wewe uwepo. Sisemi kama mlinzi. Kazi hii ina dakika kadhaa ambapo mikono miwili haitoshi: jicho la springi na tundu la kibao vinakataa kukutana, na mtu mmoja anakaza mkanda wa kuvutia ekseli huku mwingine akichungulia na kusema lete, lete, simama. Muuguzi anayejua kutazama kitu kidogo bila kupepesa ndiye msaidizi ninayemtaka mimi.

Shemeji ataona tofauti nyingine na Malaba: chumvi. Minnesota inamwagwa chumvi barabarani kila baridi, na nati za chini ya magari huko hushikana na kutu. Azipulizie dawa ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Bolti hizi aghalabu zina meno chini ya kichwa yanayong'ata chuma, kwa hiyo anayezungusha kichwa cha bolti anaharibu tundu. Huzungushwa nati, kisha bolti hutolewa kwa nyundo, nati ikiwa imeachwa ncha kwa ncha na bolti ili nati ikinge uzi wa bolti. Bushi za shaba zisipigwe nyundo kavu, zinatanuka mdomo na bolti haitapita. Zilale kwenye friza usiku kucha, kisha zisukumwe taratibu kwa jiriwa, au kwa bolti ndefu na nati. Pale utakapofungua friza ukakuta bushi kando ya samaki, usishtuke.

Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hulikosea. Tundu la grisi kwenye bolti lisiangalie juu wala chini, bali ubavuni, upande wa saa tatu au wa saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani. Juu na chini ndiko mzigo unakobana, na tundu likibanwa grisi haina pa kutokea. Nati zinazojifunga zisirudiwe za zamani. Zikazwe kwa kipimo cha karatasi inayokuja na seti, na baada ya kukazwa vibao lazima vicheze. Mtu wa malori hupenda kukaza mpaka chuma kilie. Hapa kiungo kilichobanwa hivyo ni kiungo kibovu.

Sasa nirudi kwenye karakana na ile amana. Mwambie leo, kabla hajatoa jeki kwenye sanduku. Usimwambie ukiomba msamaha wa machozi wala ukijitetea; mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba uliona mgonjwa fulani, ukaogopa, ukapiga simu. Ataudhika. Kitakachomuudhi hakitakuwa dola za amana bali kwamba watu wa karakana walijua mkewe hamwamini kabla yeye hajajua. Hilo mwachie alikasirikie kwa muda wake.

Lakini miadi usiifute. Ibadilishe. Kuna kitu ambacho yeye na mikono yake yote hawezi kukipima uani, nacho ni ile tairi iliyolika ndani. Huenda bushi ndizo zilizoisogeza ekseli. Huenda pia ekseli imeshapinda, au trela lilipakiwa kupita kiasi na mwenyewe wa kwanza. Bushi mpya hazitibu hayo mawili. Ipigie karakana simu, mkiwa wote wawili mezani, muombe wapime mlingano wa magurudumu na kuikagua fremu baada ya shemeji kumaliza. Hiyo ni kazi yao halali, na inamwacha yeye na ya kwake.

Na kuna mahali pa yeye kuweka spana chini. Siku atakapotoa tairi, kabla ya kulegeza nati hata moja, apanguse matope na kutu kwa brashi ya waya kwenye vile vyuma vilivyochomelewa fremuni ambako springi zinaning'inia. Fremu ya trela la kulala ni nyembamba. Haifanani hata kidogo na chesisi ya lori. Akiona ufa kwenye weldi, au tundu la chuma hicho nalo limerefuka, au jani la springi limevunjika, ujue kazi imebadilika jina. Ufa unataka mchomeleaji anayefanya fremu za matrela kila siku, springi inataka mpya, na vyote viwili vinaweza kusubiri juu ya stendi bila aibu. Muulize hivi asubuhi hiyo: "Umeziona weldi?" Ni swali la mtu anayeshiriki, na jibu lake ndilo litakalokuambia kama mwezi wa saba mnakwenda.

Angalieni pia umri wa tairi, maana mtumba ni mtumba. Ubavuni pana herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ile iliyolika ndani ibadilishwe bila mjadala.

Nati za magurudumu kwenye bolti za nusu inchi hukazwa kwa kawaida kati ya pauni-futi 90 na 120, kwa hatua na kwa kuvukana, kwa spana yenye kipimo. Spana hiyo huazimishwa bure kwa amana kwenye maduka mengi ya vipuri huko, kwa hiyo asiseme hana. Kisha zikaguliwe tena baada ya maili 10, 25 na 50 za mwanzo. Ujumbe huo uandike wewe kwenye simu yako, ulie kengele, kwa kuwa atakayekuwa kwenye usukani atakuwa anasikiliza kama kile kishindo kimekwisha na hatataka kusimama.