Kambi za Migodini: Ukuta Ulijengwa kwa Faida ya Nani?



Somo letu leo linahusu Afrika Kusini, ambako kambi ya mfungwa ilikuwa mfano wa kambi ya kibarua.

Katika miaka ya 1880, kampuni ya De Beers ilichimba almasi Kimberley ikitumia wafungwa waliotolewa na serikali ya koloni. Mfungwa hakugoma wala hakudai nyongeza. Kuanzia 1885, wenye migodi waliwafungia pia vibarua Waafrika walioandikishwa kwa mkataba. Waliwekwa katika kampaundi, yaani kambi yenye ukuta, mpaka mkataba uishe. Sababu iliyotajwa ni wizi wa almasi. Lakini wachimbaji Wazungu hawakufungiwa.

Mtindo wa kampaundi ulifika hata kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal. Huko watu wengi walilazwa chumba kimoja, na wake zao wakabaki vijijini. Shirika la kuandikisha vibarua, lililojulikana kama Wenela, liliwachukua kutoka Msumbiji, Nyasaland, hata kusini mwa Tanganyika. Wazee wetu waliokuwa manamba katika mashamba ya mkonge waliijua hesabu hiyo: jembe la mke kijijini liliwalisha watoto, hivyo tajiri alilipa mshahara wa kumtosha mtu mmoja tu. Mtafiti Francis Wilson alionyesha kwamba thamani ya mshahara wa mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 haikuzidi ile ya mwaka 1911.

Hata hivyo, kambi hizo ziliwakusanya wafanyakazi pamoja. Tarehe 12 Agosti 1946 zaidi ya 60,000 waligoma wakidai shilingi kumi kwa siku. Polisi waliingia kambini, wafanyakazi wasiopungua 9 wakauawa, na mgomo ukavunjwa. Mwaka 1982 kiliundwa chama kipya, NUM. Mwaka 1987 kiliongoza mgomo wa wiki tatu wa wachimbaji wapatao 300,000. Maelfu walifukuzwa, lakini chama hakikufa.

Tunajifunza nini? Mwajiri akiwa ndiye mwenye kitanda na mwenye sufuria, kufukuzwa kazi ni kukosa pia pa kulala na chakula. Kwa hiyo makazi ni jambo la chama, sawa na mshahara.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Nyumba unayolala ni ya nani, na ukigoma utalala wapi?
2. Je, mshahara wako unatosha familia, au shamba la kijijini linamsaidia mwajiri?
3. Vibarua wa msimu wanaolala kambini ni wanachama wa tawi lenu?