MASINI TATU, MTU MMOJA



Mtu anapita mbele ya mlango wa ateliye. Anaona fundi mmoja amesimama katikati ya masini tatu, mikono yake iko nyuma ya mgongo. Masini zinakata chuma zenyewe, yeye anaangalia tu. Yule mpita njia anasema moyoni: huyu anakula mshahara wa bure. Wengine wanasema hata kwa sauti, tumewasikia. Leo tuchunguze kama neno hilo ni la kweli.

Zamani turneri alikuwa na turu moja tu. Mikono yake iligeuza magurudumu, macho yake yalifuata kisu cha kukata, masikio yake yalisikia kama chuma kinalia vizuri ao vibaya. Kisha zikaja masini za komandi numeriki, ndizo zinazofuata namba. Mwaka 1952, pale Marekani, chuo cha MIT kilionyesha watu frezezi iliyotembea kwa kufuata namba zilizotobolewa katika ukanda wa karatasi. Leo ukanda hauko tena, ordinatere ndogo ndani ya masini inashika programu yote. Fundi anaweka piesi, anafunga mlango, anabonyeza kifungo cha kijani, masini inatumika peke yake dakika kumi ao ishirini. Basi mashefu wakauliza: katika dakika hizo fundi anafanya nini? Apewe masini ya pili. Na ya tatu.

Swali hilo si la leo, wala si la kwetu tu. Pale Japani, mwaka 1924, Sakichi Toyoda alitengeneza masini ya kufuma nguo iliyojisimamisha yenyewe wakati uzi ulipokatika. Kwa sababu hiyo mtu mmoja aliweza kuchunga nyingi. Mwaka 1947, katika ateliye ya Toyota, Taiichi Ohno alipanga masini ili mtu mmoja aongoze tatu ao ine. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba mafundi walimpinga sana. Lakini tushike jambo moja katika habari hii: masini inayoweza kuachwa peke yake ni ile inayojua kusimama wakati mambo yanaharibika. Masini yetu inajua mengi, lakini haijui kama umekaza etau. Haijui kama kisu namba 4 ulichobadilisha ni kirefu kuliko cha kwanza, kama wewe hukuiandikia kipimo kipya. Mambo hayo yanakaa katika kichwa cha fundi, na kichwa ni kimoja.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu, fanya pamoja nasi.

Tuseme masini inakata piesi dakika 12. Kisha fundi anafungua mlango, anatoa piesi, anasafisha, anapima, anaweka ingine, anakaza, anafunga. Kazi hiyo ya mikono inakula dakika 4. Mzunguko mzima ni dakika 16. Akiwa na masini moja, anatumia dakika 4 tu, na mpita njia wetu ana haki kidogo. Akiwa na mbili, anatumia 8. Akiwa na tatu anatumia 12, inabaki 4. Katika hizo 4 anapashwa kutembea toka masini moja mpaka ingine, kubadilisha kisu kilichochoka, kuandika katika kaye, kunywa maji, kwenda chooni. Akipewa ya ine, hesabu inajaa: dakika 16 katika 16. Kwenye karatasi inaonekana vizuri sana. Lakini siku kisu kimoja kinavunjika, anapoteza dakika tano, na masini zingine tatu zinasimama na taa zao zinawaka kama watoto wanaolilia chakula. Pale ndipo mtu anaanza kukimbia.

Turudi kwa yule mwenye tatu. Posti ya saa 8 ina dakika 480. Ni mizunguko 30, ndiyo piesi 90. Kama kila piesi ina uzito wa kilo 8, anaibeba mara mbili, kuiingiza na kuitoa: kilo 1 440 kwa siku moja. Mtu aliyesimama na mikono nyuma amebeba zaidi ya toni moja. Na mara 90 amekaza, amefunga, amebonyeza. Mara 89 akifanya vizuri, moja inabaki.

Mwandishi wa mistari hii aliona mara moja ya namna hiyo, katika ateliye moja ambayo hatutaitaja. Fundi alikuwa na turu mbili na frezezi moja. Hakuwa kijana wa jana, alikuwa mzee wa kazi. Aliweka piesi katika etau ya frezezi, akaikaza kidogo tu, ili aigonge kwa nyundo ikae sawasawa. Ndivyo wote wanavyofanya. Kabla ya kukaza mara ya mwisho, taa nyekundu ikawaka kwenye turu ya pili: nyuzi za chuma zilikuwa zimezunguka kisu. Akaenda, akazitoa kwa ndoano na si kwa mkono, kama inavyopashwa. Akarudi. Mkono wake ulikumbuka kwamba ulizungusha etau. Haukukumbuka kwamba ulizungusha nusu. Akafunga mlango, akabonyeza kijani. Kisu kilipouma chuma, piesi iliruka na kupiga kioo cha mlango. Kioo kilivumilia, yeye alikuwa nyuma yake, hakuumia. Alikaa juu ya sanduku kitambo kirefu pasipo kusema neno.

Watu walisema: hakuangalia. Sisi tunasema: aliitwa katikati ya kazi. Mtu anapokatizwa, akili yake inaweka alama pale ilipoachia, na alama hiyo inafutika upesi, zaidi kama kazi zinafanana na zinarudi mara 90. Hatari kubwa ya masini nyingi haiko wakati zinapokata. Iko katika dakika fundi anapoacha jambo moja kati na kukimbilia jambo lingine.

Basi tushike desturi hii: taa nyekundu ingoje. Masini iliyosimama imesimama, haiumizi mtu, inapoteza dakika tu. Maliza kwanza kukaza ulichoanza kukaza. Kama ni lazima uende, kwa mfano moshi unatoka ao rafiki anaita msaada, acha mlango wa masini wazi na ufunguo wa etau juu ya piesi, mbele ya macho. Masini yenye mlango wazi haikubali kuanza. Ukirudi ukakuta mlango wazi, unajua: hapa sikumaliza. Anza tena toka mwanzo, kama piesi ni mpya.

Lakini mlango unaweza kusema hivyo tu kama kufuli yake ni nzima. Tunajua wako wanaodanganya kufuli kwa sumaku ao kwa ufunguo wa pili, ili masini itembee mlango ukiwa wazi na wapate sekunde chache. Kwa mtu wa masini moja hilo ni kosa kubwa. Kwa mtu wa masini tatu ni kujiondolea kumbukumbu pekee iliyobaki nje ya kichwa chake. Ukikuta kufuli ya namna hiyo wakati wa kupokea posti, usianze kazi na masini hiyo. Mwambie shefu wa ekipe, na jambo liandikwe.

Piesi ya kwanza ya programu mpya nayo ina sheria yake. Siku hiyo fundi ni wa masini moja tu. Anapashwa kuongoza hatua kwa hatua, mwendo ukiwa wa polepole, kidole karibu na kifungo chekundu, macho juu ya kisu. Masini zingine zisimame, ao mwenzake azichunge. Tunajua mashefu hawapendi kuona masini tatu, mbili zikilala. Wahesabu basi bei ya mandrini iliyopigwa na kisu.

Na ninyi mashefu, tunajua mnasukumwa pia. Pompe ikifa katika mgodi, maji hayangojei mtu. Mwaka 2011 pompe za Kipushi zilishindwa, maji yakajaza sehemu ya chini ya mgodi, na kuyatoa kuliomba miaka. Kwa hiyo wakati wanapiga simu kuomba shafti ya pompe upesi, si uchokozi. Lakini angalieni mnavyogawanya. Piesi inayokatwa dakika 3 na kuomba mikono dakika moja na nusu inajaza mtu kabisa akiwa na masini tatu: dakika ine na nusu katika ine na nusu, pasipo nafasi hata ya kupangusa jasho. Mwenzake mwenye masini tatu za dakika 40 anapumua. Wote wawili wanaitwa « mtu wa masini tatu », na kazi zao hazifanani hata kidogo. Hesabuni dakika, msihesabu masini. Na semeni mapema nani atachunga wakati fundi anakula, kwa maana fundi anayekula akisimama, jicho likiwa kwenye taa, hakupumzika. Jambo hilo linafaa kuletwa mbele ya komite ya usalama na usafi, kila mfanyakazi anaweza kulipeleka kwa mjumbe wake.

Usiku ni shauri lingine. Kati ya saa 8 na saa 11 za usiku mwili wote unataka kulala, hata wa mtu hodari. Kama piesi mpya inaweza kungoja asubuhi, ingoje. Kama programu inaweza kubadilishwa mchana, ibadilishwe mchana.

Akina mama, neno la mwisho ni lenu. Bwana yako akirudi toka posti ya masini tatu, unamwuliza habari, anajibu neno moja. Mtoto anamwita mara tatu, hasikii. Usifikiri kwamba amekasirika ao amekunywa. Saa 8 nzima alikuwa anaitwa huku na huku, na masikio yake bado yanangojea taa. Mpe maji ya kuoga, mwache akae nusu saa. Akitoka usiku, funika dirisha kwa nguo nzito, tuma watoto wacheze upande wa pili wa lupango, na redio ya jirani, jaribu kwa upole. Kama majuma yanapita na bado halali, ao anasahau mambo madogo ya nyumba, msindikize kwa dispensere, na mwambie mganga wazi: anachunga masini ngapi, na piesi moja inachukua dakika ngapi.